Maswali na majibu: Msiniulize tena nani alianza

Tangu nilipoandika kuhusu harakati za kupinga tawala na namna zinavyozaliwa, maswali hayakatiki. Nusu yake ni swali lilelile limebadilishwa nguo. Nimechagua machache. Waliotaka niwatajie serikali itakayoanguka mwaka huu waende kwa mpiga ramli.

Swali: Shikamoo mwalimu. Ni kweli kwamba Rosa Parks, kwa kukataa tu kusimama kwenye basi, ndiye aliyeanzisha harakati za watu weusi Marekani? Na yule kijana wa Tunisia aliyejichoma moto?

Jibu: Marahaba. Si kweli, na nimechoka kulisema, ila kwa kuwa umeamkia vizuri nitalisema tena.

Rosa Parks alipokamatwa Montgomery tarehe 1 Desemba 1955 hakuwa mshonaji tu aliyechoka miguu. Tangu 1943 alikuwa mtu wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, na katibu wa tawi lake la mjini hapo. Miezi tisa kabla yake, binti wa miaka 15, Claudette Colvin, alikataa vilevile kumpisha mzungu kwenye basi la mji huohuo. Akakamatwa, na mabasi yakaendelea kujaa. Lakini mjini hapo kulikuwa na baraza la wanawake likiongozwa na Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo, ambaye tangu 1954 alikuwa ameshamwandikia meya kumwonya kwamba mgomo wa mabasi unaweza kuja. Kilichokosekana ni kesi waliyoona inafaa kusimama nayo. Usiku aliokamatwa Parks, Robinson alikesha kwenye mashine ya kurudufu ya chuoni akatoa makumi ya maelfu ya vipeperushi, na kulipokucha vikagawanywa na watu ambao tayari walikuwa wanajuana. Mgomo ulidumu siku 381. Siku zote hizo palitakiwa magari ya kuwabeba wafanyakazi, mafuta ya magari hayo, mtu wa kupanga zamu na mtu wa kuhesabu michango iliyotoka makanisani. Huyo wa kuhesabu michango hajawahi kuulizwa na msomaji wangu hata mmoja.

Tunisia ni hivyohivyo. Mohamed Bouazizi alijichoma Sidi Bouzid tarehe 17 Desemba 2010, na hakuwa wa kwanza kufanya hivyo nchini humo mwaka ule. Mwaka 2008 watu wa bonde la Gafsa, kwenye migodi ya fosfati, waliandamana na kugoma kwa miezi, wakazingirwa, wakanyamazishwa, na sehemu nyingine za nchi hazikutikisika. Safari hii matawi ya UGTT, shirikisho la vyama vya wafanyakazi lililoanzishwa 1946, yaliubeba msiba wa Sidi Bouzid kutoka mji hadi mji. Ofisi zake zilikuwa mahali pa kukutania kabla ya kuandamana. Tarehe 14 Januari 2011, siku ya mgomo mjini Tunis, Rais Ben Ali akapanda ndege akakimbia nchi.

Ukitaka kujua harakati ilianza lini, achana na siku ya moto. Tafuta kikundi kilichokuwa kikikutana kwa jambo jingine kabisa, iwe kuzikana, kukopeshana, kuuza mazao au kuimba, kikajikuta kina orodha ya watu wanaoaminiana. Bibi Titi Mohamed alipopewa kazi ya kuingiza wanawake TANU mwaka 1955 hakuanza kubisha hodi nyumba moja moja. Alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, basi akawaendea viongozi wa vikundi vingine vya ngoma, na kila kiongozi akaja na watu wake. Maelfu ya wanawake walikuwa na kadi wakati wanaume wengi wasomi bado wanapima upepo, maana watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga.

Swali: Naomba chimbuko, sababu, hatua na matokeo ya harakati za ukombozi. Iwe fupi, nawasilisha kesho.

Jibu: Mpelekee mwalimu wako swali kama lilivyo. Yeye ndiye anayelipwa kulijibu.

Swali: Kwa nini wazee wa Maji Maji waliamini maji yatazuia risasi? Huo si ujinga?

Jibu: Ukianza na ujinga utamaliza nao. Hebu tazama kazi ambayo maji yalifanya kabla hata ya risasi ya kwanza. Watu wa kusini mwa Tanzania ya leo, Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wangoni na wengine wengi, hawakuwa chini ya mfalme mmoja wala jemadari mmoja. Baadhi yao walikuwa wamepigana wenyewe kwa wenyewe. Kilichofanana kwao ni pamba ya kulazimishwa, kodi na viboko. Aliyesafiri hadi Ngarambe kwa mganga Kinjikitile Ngwale kuchukua dawa hiyo ya maji alikutana huko na wageni wa mbali wenye migongo iliyochanwa kwa pamba ileile, na aliporudi kwao alirudi na kiapo, na habari, na watu wa kuwatumia ujumbe. Nitajieni njia nyingine ambayo ingewaunganisha watu hao mwaka 1905, bila posta yao, bila gazeti, bila reli.

Wajerumani walimnyonga Kinjikitile mwanzoni mwa Agosti 1905, wiki chache tu baada ya watu wa Nandete kung'oa pamba, wakadhani wamemaliza. Vita vikaendelea hadi 1907. Na kwamba risasi zinapenya lilijulikana mapema sana. Watu walipigana hata baada ya kulijua. Kilichowavunja ni kuchomwa kwa mashamba na maghala. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000, wanahistoria wengine wanafika hadi 300,000, na wengi wa hao waliuawa na njaa. Ukizungumzia Maji Maji bila kuzungumzia njaa, unarudia hadithi waliyotaka washindi.

Swali: Serikali ikimkamata kiongozi, harakati si inakufa?

Jibu: Gavana Evelyn Baring alifikiri kama wewe. Tarehe 20 Oktoba 1952 alitangaza hali ya hatari Kenya, na usiku huo Jomo Kenyatta na wenzake wakaanza kukusanywa. Waliobaki nje ni vijana wasiokuwa na subira ya kamati wala ya kuandika maombi. Wakaingia misitu ya Aberdare na Mlima Kenya, na vita vyenyewe, vya Mau Mau, vikapamba moto wakati wakubwa wako kizuizini.

Pigo lililowaumiza kweli lilikuja Aprili 1954, Operesheni Anvil, jeshi lilipoizingira Nairobi na kuwachukua watu zaidi ya 20,000. Safari hiyo hawakusaka wasemaji. Walisomba makarani, madereva, wachuuzi, vibarua, yaani mji wote uliokuwa ukipeleka msituni chakula, dawa, risasi na habari. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msituni, alikuja kukamatwa Oktoba 1956, lakini kufikia hapo wapiganaji walikuwa wanakula walichookota.

Kwa hiyo angalieni sana wanachokamatiwa watu wa chini. Serikali yenye akili, na zipo, humwacha msemaji aendelee kusema, ikamchukua dereva. Msemaji akikamatwa mtachapisha picha yake kwenye fulana. Dereva mtamkumbuka siku gari linapohitajika.

Swali: Je, harakati inahitaji bendera na rangi zake?

Jibu: Ndiyo, baada ya kupata mweka hazina.

Swali: Nimesoma kwamba asilimia 3.5 ya wananchi wakiingia barabarani, serikali lazima ianguke. Kwa nchi yetu inakuwa watu wangapi?

Jibu: Hili ndilo linaloletwa mara nyingi kuliko yote, na kila mara kwa kujiamini. Watafiti Erica Chenoweth na Maria Stephan walichambua kampeni 323 za kupinga tawala za kati ya 1900 na 2006. Zisizotumia silaha zilifaulu kwa kadiri ya asilimia 53, zilizotumia silaha asilimia 26. Ile 3.5 ilichomoza baadaye kutoka kwenye data za aina hiyo: ilionekana kwamba hakuna kampeni iliyofikisha kiwango hicho cha watu ikashindwa. Ni maelezo ya yaliyokwisha kutokea. Si bei iliyobandikwa kwenye kiti cha rais. Na Chenoweth mwenyewe ameonyesha kesi zinazokataa: Brunei mwaka 1962, na Bahrain kuanzia 2011, ambako watu walijaa kupita kiwango hicho, majeshi ya Saudi Arabia na jirani zake yakavuka daraja mwezi Machi, na ufalme upo.

Ulizeni nani yumo, si wangapi wamo. Askari wanaokawia kutii amri, makarani wanaopoteza mafaili, makuli wanaoacha meli bila kupakuliwa. Mgomo wa bandari moja unaweza kumnyima mtawala usingizi kuliko uwanja uliofurika siku ya mapumziko na kutawanyika jioni.

Swali: Kwa nini harakati nyingi huanza kwa amani halafu zikashika silaha? Ni hasira?

Jibu: Hasira ipo tangu siku ya kwanza, ingekuwa ndiyo sababu, silaha nazo zingeshikwa siku ya kwanza. Mara nyingi ni njia kuzibwa moja baada ya nyingine. ANC ya Afrika Kusini iliundwa 1912, na kwa karibu miaka 50 ilituma wajumbe, ikaandika maombi, ikaitisha migomo, na mwaka 1952 ikawapeleka watu wakavunje sheria za ubaguzi kwa hiari yao na kwenda jela. Tarehe 21 Machi 1960 polisi wakawafyatulia risasi watu wa Sharpeville waliokuwa wanapinga pasi, vitambulisho ambavyo weusi walilazimishwa kutembea navyo. Aprili 8, ANC na PAC, chama kilichojitenga nayo, zikapigwa marufuku. Umkhonto we Sizwe, tawi la ANC la kushika silaha, ilijitangaza 16 Desemba 1961. Msumbiji nako, Juni 1960 watu walikwenda Mueda kuzungumza na mtawala wa Kireno, wakajibiwa kwa bunduki. FRELIMO, chama cha ukombozi cha nchi hiyo, ikaanza vita tarehe 25 Septemba 1964.

Hukuniuliza, lakini nitasema. Silaha zikiingia, kinachobadilika kwanza ni nani anaongoza. Vikao vinakuwa vya siri, anayehoji anaitwa msaliti, anayejua kutoa amri anapanda, na mama mwenye watoto watano anabaki na kazi ya kubeba mizigo na kupika. Mazoea hayo hayavuliwi pamoja na gwanda. Walioshika silaha siwalaumu, wengi wao hawakuachiwa kingine. Nawalaumu ninyi mnaoniandikia mkiitamani bunduki kana kwamba ni njia ya mkato. Hiyo Afrika Kusini yenyewe, kilichoifanya miaka ya 1980 isitawalike kilikuwa zaidi UDF, iliyoundwa Agosti 1983 kwa kuunganisha mamia ya vyama vya mitaa, makanisa, wanafunzi na wafanyakazi, watu wa kugomea kodi za nyumba na kususia maduka. Tumerudi kulekule kwa mtu wa kuhesabu michango.

Swali: Mbona wanaharakati hugombana wenyewe kabla hata ya kushinda? Ni uchu wa vyeo?

Jibu: Uchu upo, lakini ukiishia hapo umepitwa na utamu wote. Ugomvi mkubwa huja pale mtawala anapotoa kitu kidogo. Wote walikuwa wamoja katika kukosa. Sasa lazima waamue kama wapokee.

Mkutano wa TANU, Tabora, Januari 1958. Waingereza wametangaza uchaguzi Tanganyika kwa masharti ya kuudhi: kila mpigakura ampigie Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na mpigakura mwenyewe awe na elimu, kipato au cheo fulani. Kukubali kura tatu ni kukubali kwamba wachache wahesabiwe sawa na walio wengi. Kukataa ni kuwaachia wapinzani Baraza la Kutunga Sheria mkiwa nje mnapiga makelele. Wajumbe wengi wa TANU walifika wakitaka kususia. Nyerere akawageuza. Zuberi Mtemvu hakugeuka, akaondoka na kuunda African National Congress ya Tanganyika. TANU na wagombea iliowaunga mkono wakazoa viti, na mwaka 1962 Mtemvu aliposimama dhidi ya Nyerere kugombea urais alipata kura kama 21,000 dhidi ya zaidi ya 1,100,000.

Watu humwandika Mtemvu kama kichekesho. Simcheki. Swali lake lilikuwa la haki, ila hakuwa na matawi.

FRELIMO wao waligombania duka. Lázaro Nkavandame aliongoza ushirika wa wakulima wa pamba Cabo Delgado, na ushirika ule ukawa njia ya FRELIMO kuingia vijijini. Akapewa uongozi wa mkoa. Yalipopatikana maeneo yaliyokombolewa, likazuka suala la nani auze, auze nini, na faida iende wapi. Nkavandame alitaka biashara ibaki kwa wakubwa kama yeye. Mwaka 1969 akavuka kwenda kwa Wareno, mwaka uleule ambao Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa kwenye kifurushi. Kwa hiyo ninaposifu vikundi vya mwanzo, msidhani nasema ni vya malaika. Kila kikundi huingia kwenye harakati na mabwana wake wadogo.

Swali: Zama hizi za simu, vikao na kadi si mambo ya wazee?

Jibu: Nilijua litakuja. Tarehe 3 Juni 2019 wanajeshi na wanamgambo waliwavamia waandamanaji waliokuwa wamepiga kambi mbele ya makao makuu ya jeshi Khartoum, wakaua watu wengi, na intaneti ikazimwa. Kwa hesabu za wanaoamini simu, mchezo ulikuwa umekwisha. Tarehe 30 Juni barabara za Sudan zikafurika. Kazi hiyo ilifanywa na kamati za upinzani za mitaa, ambazo nyingine zina mizizi kwenye maandamano ya 2013: vijana wa mtaa mmoja, wanaojua nyumba ya nani ina mgonjwa, waliopita mlango kwa mlango na karatasi na kuandika kwenye kuta. Vita vilipozuka Aprili 2023, mtandao huohuo wa mitaa ndio ulioanza kupika chakula cha pamoja na kuhamisha majeruhi. Kamati iliyoundwa kupinga ikawa ndiyo serikali pekee ambayo baadhi ya watu wanaiona.

Kenya, Juni 2024, simu zilifanya maajabu, siwezi kukataa. Vijana walifafanua Muswada wa Fedha kifungu kwa kifungu kwa lugha za nyumbani, wakaanika namba za wabunge, wakachangia matibabu ya majeruhi. Tarehe 25 waliingia Bungeni, watu wakauawa. Tarehe 26 Rais William Ruto akasema hatausaini. Walijivunia kwamba hawana kiongozi, hawana chama, hawana kabila, na hilo liliwasumbua kweli polisi waliotafuta wa kumkamata. Lakini Julai, Baraza la Mawaziri lilipovunjwa, hapakuwa na mtu mwenye idhini ya kusema kwa niaba yao "hatutaki viti, tunataka hiki". Viti vikapokewa na watu wa ODM, chama ambacho si kilichoita maandamano yale. Simu huwaleta watu. Haiwapi njia ya kuamua pamoja kesho yake.

Swali: Tunashuku mwenzetu mmoja ni kachero. Tutamjuaje?

Jibu: Pengine hamtamjua. Yevno Azef aliongoza kikosi cha mauaji cha chama cha Wanamapinduzi wa Kisoshalisti wa Urusi, kikosi kilichomuua waziri wa mambo ya ndani Plehve mwaka 1904, na muda wote alikuwa akipokea mshahara wa polisi wa siri. Alipoumbuliwa 1908 baadhi ya wenzake walikuwa bado wanamtetea. FBI nayo, shirika la upelelezi la Marekani, katika mpango wake wa siri wa COINTELPRO wa 1956 hadi 1971, iliona kwamba wakati mwingine hakuna haja ya kupandikiza mtu. Inatosha kutuma barua za uongo na kueneza uvumi kwamba fulani ni mtu wa polisi, kikundi kijitafune chenyewe.

Fanyeni mambo yenu wazi kadiri inavyowezekana, fedha ziandikwe, na yeyote anayewaharakisha kwenda kuchoma kitu na kujitolea kuleta petroli, mkataeni hata awe nani. Na msiniletee majina. Barua zenye majina nimezichana.

Swali: Kwa nini wakombozi wakishika dola huwafanyia wenzao yaleyale?

Jibu: Wengi hutaja ulevi wa madaraka, jibu la uvivu. Tazama kinachotokea kwa vikundi. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka 1962 ikapitishwa sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi. Januari 1964 wanajeshi waliasi. Baada ya hapo viongozi wa vyama vya wafanyakazi wakakamatwa, shirikisho lao likafutwa, kikaundwa chama kimoja cha wafanyakazi, NUTA, chini ya serikali. Mwaka 1965 chama kikabaki kimoja kwa sheria. Bibi Titi niliyemtaja juu alikamatwa 1969 kwa tuhuma za uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa 1972. Kila chombo kilichoibeba harakati kikawa idara ya chama. Kwa hiyo ilipofika siku ya kumwambia mkubwa "hapana", watu walikuwepo, nia ilikuwepo, lakini hapakuwa na mlango ambao ufunguo wake haukuwa ofisini kwa mkubwa huyohuyo. Sidai kwamba waliofanya hivyo walikuwa na roho mbaya. Wengine waliogopa nchi kusambaratika, na mapinduzi yaliyokuwa yakipindua jirani zao hayakuwa ndoto. Vikundi vilivyokubali kumezwa navyo vina lawama. Vilipewa ofisi na gari, vikaacha kufanya uchaguzi wao na kutunza fedha zao.

Swali: Mwalimu, sisi tuko kumi na wawili, tunapinga ardhi yetu kuchukuliwa. Tuandamane lini?

Jibu: Bado. Wameru wa Tanganyika walipohamishwa kwa nguvu Engare Nanyuki mwaka 1951 na nyumba zao kuchomwa, walikuwa na umoja wao, wakachangishana, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York. Azimio walilolitaka halikupita. Lakini aliporudi alizunguka kueleza yaliyotokea, na habari za Meru zikawa mafunzo kwa watu waliokuja kuijenga TANU miaka miwili baadaye.

Ninyi anzeni na daftari. Andikeni mipaka ya kila shamba na shahidi wake, kila senti inayoingia, na nani atashika kazi ya nani akikamatwa au akiugua. Tafuteni wakili kabla ya kipaza sauti. Kuweni hamsini kabla ya kuwa barabarani. Mchagueni mweka hazina leo, na asiwe shemeji wa mwenyekiti.